Chamonix: kwa nini watelezaji wa theluji hawakubaliani kuhusu mlima mmoja

Kila inapofika Desemba taarifa zetu za michezo huanza kutaja mashindano ya kuteleza kwenye theluji huko Ulaya. Na kila mwaka maswali ni yaleyale. Mchezo huo unachezwaje? Watu wanateremkaje mlima bila kuvunjika miguu? Na kwa nini mmoja anausifu mlima fulani mpaka anakosa maneno, wakati mwenzake aliyekwenda hukohuko anasema harudi tena?

Makala hii inajibu hasa swali hilo la mwisho. Tumechukua eneo moja maarufu, Chamonix, na kuangalia linavyosemwa na makundi matatu: wanaoanza, wa kiwango cha kati, na mabingwa. Utaona kwamba tofauti zao si ubishi wa vijiweni tu. Kule mlimani, kufuata maoni ya mtu asiye wa kiwango chako kunaweza kukugharimu maisha.

CHAMONIX NI WAPI?

Chamonix (hutamkwa Shamoni) ni mji mdogo ulio mashariki mwa Ufaransa, karibu na mipaka ya Uswisi na Italia. Uko bondeni, mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika safu ya Alps. Kilele chake kina urefu wa takriban mita 4,806. Vipimo hubadilika kidogo kila mara kwa sababu juu kabisa kumefunikwa na theluji na barafu, ambayo huongezeka na kupungua.

Kilimanjaro yetu ina mita 5,895, kwa hiyo imeizidi Mont Blanc kwa zaidi ya mita 1,000. Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na Ikweta, na theluji yetu iko kileleni tu. Kule, wakati wa majira ya baridi, theluji hushuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Ndiyo maana watu wa huko wamezoea kuishi nayo, kuiogopa na kucheza juu yake.

Mont Blanc ilipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1786 na Jacques Balmat pamoja na daktari Michel-Gabriel Paccard, wote wa Chamonix. Mwaka 1821 wenyeji waliunda chama cha waongoza wapanda mlima, na chama hicho kipo mpaka leo. Mwaka 1924 mji huo ukaandaa michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi.

Jambo la kwanza linalowachanganya wageni ni hili: Chamonix si mlima mmoja wa kuteleza. Ni bonde lenye urefu wa kama kilomita 20, kutoka kijiji cha Les Houches mpaka kijiji cha Le Tour, na katikati yake kuna maeneo kadhaa ya kuteleza yaliyotengana. Ukitoka eneo moja kwenda jingine, mara nyingi unapanda basi au treni. Kwa hiyo mtu akisema "Chamonix ni kugumu" au "Chamonix ni rahisi", muulize kwanza: Chamonix ipi?

MCHEZO WENYEWE NA RANGI ZA NJIA

Mtelezaji huvaa buti gumu linalofungwa kwenye kibao chembamba na kirefu kiitwacho skii, kimoja kwa kila mguu. Mkononi hushika fimbo mbili. Hapandi mlima kwa miguu. Anapandishwa na magari ya kebo, yaani yale yanayoning'inia kwenye waya, ambayo wengi wetu tuliyasikia wakati wa mjadala wa kuyaweka Kilimanjaro. Akifika juu, anateremka kwa kuteleza.

Njia za kuteremkia huandaliwa. Usiku mashine kubwa hupita zikisawazisha theluji, kama greda linavyochonga barabara ya vumbi. Walinzi wa mlima hukagua njia hizo asubuhi kabla hazijafunguliwa, na jioni hupita tena kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma.

Kila njia hupewa rangi. Huko Ufaransa rangi ni nne: kijani kwa wanaoanza kabisa, buluu kwa waliopiga hatua kidogo, nyekundu kwa wa kati wenye uzoefu, na nyeusi kwa wazoefu sana. Marekani hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi.

Lakini rangi hizo hazina kipimo kimoja kinacholingana duniani kote. Mara nyingi njia hupimwa kwa kulinganishwa na njia nyingine za eneo hilohilo. Mtu aliyezoea njia za buluu kwenye mlima wa taratibu anaweza kufika Chamonix, akaingia njia ya buluu, na magoti yakaanza kutetemeka.

Hata jina linaweza kudanganya. Kule Les Houches kuna njia maarufu ya mashindano iitwayo Verte, neno la Kifaransa lenye maana ya kijani. Mgeni akisikia jina anadhani ni njia ya watoto. Kumbe ni njia nyeusi, ambako mashindano ya kushuka kwa kasi ya Kombe la Dunia yamewahi kufanyika.

WANAOANZA WANASEMAJE?

Kundi hili ndilo lenye malalamiko mengi, na yana msingi.

Somo la kwanza kwa anayeanza si kwenda, bali ni kusimama. Anafundishwa kukutanisha ncha za mbele za skii na kutanua za nyuma, mfano wa herufi A, ili apunguze mwendo. Kwa hilo anahitaji sehemu pana, yenye mteremko mdogo, na isiyopitwa na watu wenye kasi.

Sehemu hizo Chamonix zipo, ila ni ndogo na zimetawanyika. Kuna Savoy na Planards karibu na mji, Chosalets karibu na kijiji cha Argentière, na Vormaine kule Le Tour. Vormaine ndiyo husifiwa zaidi, kwa sababu ni pana na tulivu. Zile za karibu na mji ziko chini, hivyo mwaka wa theluji haba huathirika mapema.

Lalamiko la pili ni hatua inayofuata. Baada ya siku tatu nne, mwanafunzi ameweza kusimama na kukata kona, sasa anataka njia ndefu kidogo. Akipanda eneo la Brévent au Flégère, juu atapata njia za buluu. Shida ni kurudi: njia zinazoshuka mpaka bondeni kutoka maeneo hayo mawili ni nyeusi. Kwa hiyo anayeanza hushuka kwa gari la kebo, na si aibu. Wengi hawakuambiwa hilo mapema, wakaifuata njia kwa kudhani itawafikisha nyumbani, wakajikuta wameketi kwenye theluji, mbele kumeshuka kama ukuta na nyuma hakurudiki.

Lalamiko la tatu ni la familia. Baba mzoefu anataka mlima mkali upande mmoja wa bonde, mtoto anajifunza upande mwingine. Siku nzima hawaonani.

Ndiyo maana wazoefu wengi humshauri rafiki yao hivi: ukitaka kujifunza kuteleza, anzia kwingine, kisha uje Chamonix ukishaiva. Ukija Chamonix kuanza, basi chukua mwalimu.

NGUVU ZA MCHEZO MMOJA HAZIHAMII MWINGINE

Hapa wengi hukosea. Mtu husema: mimi nakimbia, nacheza mpira, nabeba mizigo, mteremko utanishindaje?

Tumkumbuke Mkenya Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland kujifunza skii za masafa marefu, zile za kusukuma mwili kwenye eneo la kupanda na kushuka. Mwaka 1998 alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia.

Boit alikuwa na mapafu na miguu ya mwanariadha wa kweli. Alichokosa ni miaka. Washindani wake wengi walikulia kwenye theluji. Baadaye Kenya ilimpata Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, na yeye alishiriki skii za kushuka mlima kwenye Olimpiki ya 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini. Yeye theluji aliizoea tangu utoto.

Somo ni kwamba kiwango chako kwenye theluji hakipimwi kwa nguvu zako za nyumbani.

WA KIWANGO CHA KATI WANASEMAJE?

Hawa ndio wengi zaidi, na maoni yao ndiyo yanayopingana sana. Wanaweza kushuka njia ya buluu bila wasiwasi na nyekundu kwa uangalifu. Kwao kila eneo lina sifa na kasoro yake.

Balme, juu ya Le Tour, ni kwenye malisho wazi yenye miteremko ya wastani. Siku ya jua wengi hulipenda kuliko yote. Lakini miti ni michache, hivyo upepo unapiga moja kwa moja, na ukungu ukishuka mtu haoni ardhi inaanzia wapi na mbingu inaishia wapi.

Les Houches iko chini zaidi na imezungukwa na misitu. Siku ya ukungu au theluji inayoanguka, miti humsaidia mtelezaji kuona njia. Anayeitembelea siku hiyo ataisifu. Anayekwenda mwishoni mwa msimu, theluji ikiwa imepungua, atalalamika.

Brévent na Flégère zinaelekea kusini, zikiitazama Mont Blanc kwa mbele. Tangu 1997 maeneo hayo mawili yameunganishwa kwa gari la kebo linalovuka bonde. Mandhari yake husifiwa na karibu kila mtu. Ila jua linaloleta mandhari ndilo linaloyeyusha theluji mchana. Usiku inaganda tena. Njia ileile saa tatu asubuhi ni ngumu na inateleza kama kioo, saa tano ni laini na tamu, saa tisa alasiri ni nzito kama tope. Watu watatu wakipita kwa saa hizo tatu, watakuletea habari tatu tofauti, na wote watakuwa wamesema kweli.

MABINGWA WANASEMAJE?

Kwa mabingwa, Chamonix ni kama Makka ya mchezo huu. Sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni Grands Montets, juu ya Argentière. Inaelekea kaskazini, jua haliipigi sana, hivyo theluji hukaa kavu na baridi kwa muda mrefu. Miteremko yake ni mikali na mirefu. Mwezi Septemba 2018 moto uliharibu vibaya kituo cha kati cha magari ya kebo, na usafiri wa kwenda juu kabisa ukakatika. Maoni ya watu waliokwenda kabla ya moto na waliokwenda baada yake hayafanani, kwa hiyo ukisoma sifa za Grands Montets angalia mwaka.

Ya pili ni Vallée Blanche. Gari la kebo la Aiguille du Midi, lililofunguliwa mwaka 1955, hupandisha watu kutoka mjini mpaka kwenye jengo lililojengwa juu ya mwamba, mita 3,842. Kutoka hapo mtelezaji hushuka kwa miguu kwenye ukingo mwembamba wa theluji huku ameshika kamba, kisha anavaa skii na kuanza safari ya kama kilomita 20 juu ya mito ya barafu.

Njia hiyo haina rangi. Haisawazishwi na mashine, wala hakuna mlinzi anayeikagua.

UGUMU NA HATARI NI VITU VIWILI

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu.

Mtu aliyeshuka Vallée Blanche kwa njia ya kawaida atakwambia: mbona miteremko yake si mikali? Na ni kweli. Mtelezaji mzuri wa kiwango cha kati, akiwa na mwongozaji, anaweza kuimaliza. Sehemu kubwa ni rahisi kuliko njia nyingi nyeusi.

Lakini chini ya theluji ile kuna nyufa za barafu zenye kina kirefu, nyingine zimefunikwa na daraja jembamba la theluji lisiloonekana. Mtu anaweza kuteleza vizuri kabisa, bila kosa la mguu, akatumbukia. Ndiyo maana wageni hushauriwa wasiende bila mwongozaji.

Sasa ilinganishe na ile njia nyeusi ya Verte. Ni kali na ngumu. Lakini imeandaliwa, imekaguliwa, ina alama, na ukianguka kuna mtu atakuja. Ni ngumu zaidi, ila hatari zake zinajulikana.

Anayesema "ni rahisi" anazungumzia miguu yake. Hazungumzii mlima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekilalia usiku mmoja salama hajamaliza kuwajua wote.

MAPOROMOKO YA THELUJI

Hatari nyingine ni maporomoko, pale theluji iliyorundikana inapokatika na kushuka kwa wingi. Njia moja ya Brévent imepewa jina la Charles Bozon, mwana wa Chamonix aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1962. Mwaka 1964 alikufa kwenye maporomoko ya theluji mlimani. Ubingwa haukumkinga.

Wala si lazima uwe mlimani. Tarehe 9 Februari 1999, baada ya siku za theluji nyingi, maporomoko yalishuka kwenye kitongoji cha Montroc, karibu na Le Tour, yakabomoa nyumba na kuua watu 12. Nyumba hizo zilikuwa mahali palipohesabiwa kuwa salama.

Kwa hiyo wanaotoka nje ya njia zilizoandaliwa hubeba vitu vitatu: koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kifaa kidogo cha redio. Ndiyo, redio. Kifaa hicho hutuma mawimbi kwenye masafa ya kilohezi 457, chini kidogo ya pale masafa ya kati ya redio zetu yanapoanzia. Mwenzako akifukiwa, unageuza chako kipokee, unafuata mlio mpaka alipo, unachimba. Baada ya kama dakika 15 matumaini ya kumtoa hai hupungua haraka, ndiyo maana wenzake walio pale ndio waokoaji wake wa kwanza.

Kila siku ya msimu hutolewa taarifa ya hatari kwa kipimo cha 1 mpaka 5. Cha kushangaza, vifo vingi havitokei siku za kiwango cha 5, kwa sababu siku hizo watu hubaki nyumbani. Hutokea sana siku za kiwango cha 3, kile cha katikati, ambacho mtu hukisoma akasema: si mbaya sana.

JINSI YA KUPIMA MAONI YA MWINGINE

Ukisikia mtu anasifu au kuponda mlima wowote, muulize mambo manne.

Kwanza, wewe ni wa kiwango gani? Bingwa husahau haraka anayeanza anaogopa nini.

Pili, ulikwenda lini? Mwezi gani, saa ngapi, na hali ya hewa ikoje.

Tatu, ulikuwa eneo gani hasa? Jina la mji halitoshi.

Nne, ulikuwa na nani? Aliyekuwa na mwongozaji hakuona kazi aliyofanyiwa.

Na kuna kanuni moja inayowaunganisha wote: aliye chini, mbele yako, ndiye mwenye haki ya njia. Bingwa anayetoka nyuma kwa kasi ndiye anayepaswa kumkwepa anayejifunza, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mwenzake.

TURUDI NYUMBANI

Haya hayako Ulaya tu. Kilimanjaro njia ya Marangu huitwa na wageni njia ya Coca-Cola, kwa sababu ina vibanda vya kulala na mwinuko wa taratibu. Machame, ya mahema na miinuko mikali, huitwa njia ya whisky. Wengi huchagua Marangu kwa jina lake la urahisi, wakaipanda kwa siku chache, mwili usipate muda wa kuzoea hewa nyembamba, wakarudishwa kabla ya kilele. Waongozaji wetu wanalijua hilo vizuri sana: njia rahisi kwa miguu imewashinda wengi kwa mapafu.

Vijana wetu wengi hufanya kazi ya kuongoza na kubeba mizigo kwenye mlima huo. Mgeni akikuuliza, "Je, ni rahisi?", usimjibu kabla hujamuuliza yeye ni nani, amepanda wapi kabla, na ana siku ngapi. Huko Chamonix wamekuwa wakiuliza maswali hayo kwa zaidi ya miaka 200, na bado wanauliza kila asubuhi.